Magamba Ndani ya Kiganja

Mu kambi ya wakimbizi kuko sheria moja yenye hakuna mutu alituandikia: ukiona liste, andikisha jina. Usiulize ni ya nini. Ukianza kuuliza, wenye haraka batakupita, na ile kitu, ikuwe sabuni, ikuwe mbegu ya maharagi, ikuwe safari ya Ulaya, itaisha mbele ufike. Nimeishi Nakivale, hapa Uganda, miaka ya kutosha kujua ile sheria mupaka ndani ya mifupa. Njo maana ile asubuhi, nikitoka shambani na jembe ku bega, nilipoona bamama bamepanga mustari mbele ya nyumba ya mikutano, na dada mumoja anaandika majina, nilienda moja kwa moja nikasimama nyuma yao.

Nilipofika mbele, ule dada akanitazama mara mbili.

«Papa, ni weye mwenyewe?»

«Ni miye mwenyewe.»

«Kweli?»

«Kweli kabisa. Andika.»

Akaandika. Nilikuwa mutu wa mwisho ku liste, na nilirudi nyumbani nikipiga muluzi. Bibi yangu, mama ya batoto yangu, akaniuliza banagawa nini. Nikamuambia sijue, lakini ni kitu kubwa, juu mustari ilikuwa murefu.

Kesho yake nilikuja na gunia tupu nimekunja chini ya kwapa. Nikaingia. Ndani kulikuwa meza, jiko ya makaa, sufuria, bakuli kubwa, bamama bamekaa ku mabenchi na batoto ku mugongo, na mbele yao muzungu mumoja mwanamuke, nywele nyeupe kama pamba, amevaa nguo ya kupikia. Njo nikaelewa. Ilikuwa masomo ya bamama: namna ya kukulisha mutoto mudogo na mugonjwa. Suruali ilikuwa moja tu mu ile nyumba, na ilikuwa yangu.

Mama mumoja mufupi, wa benchi ya mbele, akageuka.

«Papa, karibu. Utanyonyesha wa kwanza ao wa pili?»

Bakacheka mupaka batoto bakaamuka bakaanza kulia. Mwengine akasema: «Mumuachie, pengine bibi yake njo amemutuma, yeye alibaki analima.» Nilitaka kutoka, lakini kutoka na gunia tupu mbele ya bamama ishirini ni haya kuliko kukaa. Nikakaa. Shule nilitokaka mu mwaka ya pili ya sekondari, vita ilinifungia kaye ya kuandikia mu kati ya hesabu. Nikajisemea, haya, leo umerudi darasani.

Ule muzungu alikuwa wa Denmark. Alisema, na ule dada wa liste akitafsiri, kama kwao ni inchi yenye bahari inaizunguka karibu pande zote, na kama nyanya yake alikuwa anapika kitu moja kila juma. Akataja jina. Ilikuwa jina murefu sana, ilianza vizuri halafu ikapotelea mu koo yake. Siye tuliita bulete ya samaki, juu njo ilikuwa: nyama ya samaki bila mifupa, inasagwa, inafinyangwa, inakaangwa. Akasema kwao inaliwa na batoto wenye meno haiyatoka bado, na bazee wenye meno yao ilishatoka.

Niliposikia bazee bila meno, nikaweka gunia chini.

Juu mu nyumba yangu, mama yangu alikuwa anakwisha.

Mama alikomaa pembeni ya ziwa Tanganyika, fasi samaki ilikuwa chakula ya kila siku. Lakini meno yake ilibakia tatu, na zile tatu ziko mbali mbali, hata kusalimiana haziweze. Maharagi inamushinda. Nyama inamushinda zaidi. Samaki yeye anapenda kuliko vyote, lakini mwaka yenye ilipita mwiba ilimukamata ku koo, tukamupiga mugongo, tukamulisha ndizi, tukaomba, na tangu ile siku akiona samaki yenye mifupa anasukuma sahani. Alibakia na chai na uji. Kitenge yake yenye ilikuwa inamuzunguka mara moja na kitu kidogo, sasa ilikuwa inamuzunguka mara mbili na inabakia ya kufunga.

Nilikuwa nimemupeleka ku hospitali ya Mbarara kumupima. Muuguzi, dada wa pale pale Ankole, mwenye Kiswahili yake inasema «na» ku kila kitu, akanionya: «Mama hii haiko na nguvu. Nataka chakula ya kujenga mwili. Mayai, maziwa, samaki.» Aliposema samaki, akakunja pua. Mama akamuona.

«Na weye unakulaka samaki, mwanangu?»

«Mimi hapana. Kwetu ni ng'ombe tu. Samaki nanuka. Lakini wewe kula, mama, iko na nguvu sana.»

Mama akanigeukia, akasema polepole: «Huyu mutoto ananituma fasi yenye yeye mwenyewe haende.»

Basi ndani ya ile nyumba ya mikutano nilisikiliza kuliko vile nilisikilizaka mwalimu yeyote. Muzungu alichukua samaki, akatoa mifupa na ngozi, akakata nyama ndogo ndogo sana na kisu. Akasema kwao kuko mashine, lakini kisu na mukono vinatosha. Halafu akaweka chumvi. Njo siri yenyewe: chumvi inatangulia, mbele ya yai, mbele ya unga. Unaweka chumvi, unakoroga na nguvu, unakoroga, unakoroga, mupaka samaki inaanza kukamatana yenyewe kama gundi. Ukianza na yai, itaachana mu mafuta, utakula supu ya makombo. Ikikamatana, njo unaweka kitunguu ya kukwangua, yai, unga kidogo, maziwa kidogo kidogo, pilipili manga. Unaacha ipumuzike. Unachota na kijiko yenye umelowesha, unaweka mu mafuta ya siagi, unafinya kidogo na mugongo ya kijiko, moto ya katikati.

Akaeleza na faida. Samaki inajenga mwili. Mafuta ya ndani ya samaki ni muzuri ku moyo na ku akili, na aliposema akili mama mufupi wa mbele akanisonta kidole. Yai na maziwa vinaongeza nguvu ndani ya kitu kidogo, na hiyo ni ya maana juu muzee hawezi kula mingi. Lakini tusisahau, alisema: tukitoa mifupa, tunatoa na kitu yenye ilikuwa isaidie mifupa yetu. Kwa hiyo muzee akunywe maziwa pembeni, na siku ingine tumusagie ndagala kavu, ile dagaa ndogo, mu uji, pamoja na mifupa yake midogo. Kwao, alisema, wanakula hizi bulete na mukate mweusi muzito, ao viazi, na mchuzi fulani ya njano yenye mboga za siki ndani. Tulionja. Nilikula moja. Sikuuma hata mara moja. Iliyeyuka ku ulimi yenyewe.

Kesho yake nikaenda ku ziwa kutafuta samaki. Ziwa iko karibu na siye, unaiona ukisimama shambani. Lakini ngege, ile samaki nzuri yenye magamba, yote ilikuwa imeshachukuliwa na wenye kupeleka Mbarara. Ilibakia kambale. Kambale ni nyeusi, ina ndevu, na mwili wake ni laini kama mukono ya mutu, hakuna gamba hata moja.

Hapa inanipasa nieleze. Siye tuko bakristu ya kusali Jumamosi, na samaki yenye haina magamba hatukule. Miye mwenyewe ninaweza kufunga jicho moja. Mama hafunge. Mama tangu utoto wake hajagusa kambale, na wakati ya kukimbia, njaa ikiwa imetukamata mu njia, batu bakala kambale na bakamukatia kipande, yeye alikula mizizi.

Nilisimama na ile kambale mu mukono. Nikafikiria kitenge yenye inazunguka mara mbili. Nikajisemea: ikisagwa, nani atajua?

Nikaisagia mu kinu ya kutwangia sombe, majani ya muhogo, juu kinu ingine hatuna, na kisu ilinichosha. Bulete zikatoka na rangi ya majani. Bibi yangu alisimama ku mulango wa jikoni na mikono ku kiuno.

«Baba batoto. Niliona ile samaki.»

«Uliona nini?»

«Niliona ndevu zake. Unafanya mama yako nini?»

«Ninamuponyesha.»

«Miye simo,» akasema, akaondoka kwenda kuteka maji, na mutungi ilikuwa imejaa.

Nikapeleka sahani. Mama alikuwa ku mukeka, amejiegemeza ku ukuta. Akatazama zile vitu vya kijani kidogo.

«Hii ni nini?»

«Samaki, mama. Namna bazungu banapika.»

«Kichwa iko wapi?»

Kwetu samaki inafikaka mbele ya mukubwa na kichwa yake. Ni heshima, lakini ni tena ushahidi: unamuona mwenye unamukula. Sikuwa nimewaza ile. Nikasema kichwa bapishi ya Denmark banaitupa.

«Na magamba?»

«Magamba tulitoa, mama.»

«Najua munatoa. Nilete nione.»

Nikatoka. Jirani yetu anauzaka samaki ya kukaanga, na fasi anasafishia, chini ya muti wa papai, magamba inang'aa ku udongo siku zote. Nikaokota kiganja kizima. Nikanawisha na maji. Nikarudi, nikafungua mukono mbele ya uso wa mama. Akachukua gamba moja, akaiinua ku mwangaza wa dirisha, akaigeuza. Halafu akafunga macho akaomba, ombi refu, na miye nikiwa nimepiga magoti pale na mukono wazi kama mutu anaomba sadaka.

Akala. Moja. Akatulia. Akala ya pili. Akasema: «Inapita.» Akaomba ya tatu.

Mwenye hajakaa na mutu mwenye anakatala chakula hawezi kujua vile ile neno «inapita» ilinifanya. Nilitoka nyuma ya nyumba nikacheka peke yangu. Halafu nikaokota yale magamba, nikaweka mu kopo ya majani ya chai, juu nilijua ataomba tena.

Aliomba tena. Juma mbili nzima nilipika kambale, na juma mbili nzima yale magamba ya kopo yalikuja kutoa ushahidi. Yalifanya kazi kuliko miye. Mama alianza kuamuka yeye mwenyewe. Alianza kukaripia kuku. Siku moja nikamuona anafunga kitenge, na kile kipande cha kubakia kimepunguka. Bibi yangu alikuwa ananiangalia tu, akisonga bugali na nguvu kama anapiga mutu.

Halafu ikafika Jumamosi ya ushuhuda. Mama, mwenye tangu miezi alikuwa anasali nyumbani ku mukeka, akavaa, akaenda ku kanisa na miguu yake. Akasimama mbele ya batu bote.

«Bwana asifiwe.»

«Amina.»

«Nilikuwa ninakufa. Meno yangu munaijua. Lakini Mungu alinipa mutoto mwanaume, akajifunza kazi ya banamuke, hakuona haya. Ananipikia samaki safi, samaki yenye magamba. Kila siku ananionyesha magamba na mukono wake. Wengine batoto yao bangelibadanganya. Wangu ananionyesha.»

«Amina!»

Mama mufupi wa masomo, kumbe naye alikuwa pale, akapiga kigelegele. Batu bakanigeukia, banacheka na furaha, benchi ya nyuma ikanipiga ku bega. Nilitazama viatu yangu. Sikuwahi kujua kiatu yangu ya kushoto ina matundu ine ya kupitisha kamba, na ya kulia tano.

Nilimuambia siku ile ile, tukifika nyumbani, mbele avue kitambaa ya kichwa. Nilianza na mzaha, juu njo namna yangu: nikasema, «Mama, yale magamba nayo ilikuwa wakimbizi, ilitoka kwa jirani.» Hakucheka. Nikasema basi yote, ndevu na yote.

Alikaa. Akachukua kona ya kitenge akapanguza midomo, polepole, kama chakula iko pale bado.

«Mara ngapi?»

«Kila mara, mama.»

«Njaa ya njia ilishindwa kuniweza,» akasema. «Weye njo umeniweza.»

Na akaninyamazia. Hakulia, hakutukana. Angelinipiga na fimbo ningelijua namna ya kuruka. Siku tatu hakukula kitu kutoka mukono yangu, na kutoka mukono ya bibi yangu alipokea chai tu. Siku ya pili hakutoka mu mukeka. Siku ya tatu kuku zilipita mu nyumba, hakuzikaripia. Nilikuwa nimemurudisha fasi nilimukuta, na chini zaidi, juu mbele alikuwa anakatala mifupa, na sasa alikuwa anakatala miye.

Siku ya ine, jua haijatoka, nikaenda Mbarara.

Nyamityobora, ku soko ya pale Mbarara, kuko mama mumoja Muislamu anauza samaki, anafunga kitambaa vizuri, anaongea ile Kiswahili ya soko, kama ya ule muuguzi. Alikuwa na ngege moja kubwa, macho bado inang'aa.

«Hii mzuri sana, ssebo, bwana. Natoa magamba, nakata, bure.»

«Hapana! Usiguse! Ninataka na magamba yote.»

Akabakia na kisu juu. «Watu yote nataka safi. Wewe nataka chafu?»

«Ni ya mama yangu. Ule ni polisi.»

«Aa. Basi wewe ulifanya makosa gani?»

Nikatoa pesa. Alifunga ile samaki mu majani ya mugomba, kichwa na mukia vinatokea. Nikamuuliza inatoka ziwa gani.

«Hii? Natoka Nakivale.»

«Na miye ninatoka Nakivale.»

Akacheka mupaka akashika meza. «Basi nyinyi mbili narudi nyumbani!»

Ilirudi kweli. Niliweka beseni mbele ya mama ku mukeka, samaki nzima ndani, kisu pembeni, na nikakaa chini mbali kidogo. Sikusema neno, na kwangu hiyo ni kazi kubwa kuliko kulima. Mama alikuwa amegeukia ukuta. Halafu mukono yake ikatoka chini ya kitenge, ikagusa ubavu ya samaki, ikapita kutoka mukia kwenda kichwa, kinyume, namna magamba inasimama na inakwaruza kidole. Akafanya vile mara mbili.

Akachukua kisu.

Sikuwa nimemuona anafanya kazi tangu mwaka. Siye tulimunyang'anya kazi zote moja moja, tukisema pumuzika mama, acha mama, na tukafikiri ni heshima. Magamba iliruka mu nyumba yote, moja ikaniingia mu nywele. Meno hana, lakini ile mikono ilikuwa bado ya Tanganyika: alipasua, akatoa mifupa na vidole bila kutazama, mupaka ile midogo ya pembeni yenye ilimushinda ku koo.

«Lete kinu.»

Nikaleta.

«Si ya sombe, weye! Ya jirani, ya karanga. Nilikula majani juma mbili.»

Nikakimbia. Nilipomuambia chumvi njo inatangulia, akasema anajua, mukono inasikia yenyewe wakati samaki inakamatana, kwani bazungu banafikiri banatuzidi. Alikoroga yeye. Miye nilikwangua kitunguu na kutoa machozi, ile siku machozi ilikuwa na ruhusa. Bibi yangu akaleta yai, maziwa, na samuli kidogo ya ng'ombe ya kukaangia, na akakaa na siye.

Zilipoiva, zilikuwa nyeupe na njano, si kijani. Mama akapanga sahani vile alitaka: kichwa tulichemusha, akaiweka juu, mukia chini, bulete katikati, na magamba kiganja kimoja pembeni. Samaki nzima tena. Akanisukumia bulete moja.

«Kula ya kwanza weye.»

Nikakula.

«Jumamosi ya ushuhuda yenye inakuja utasimama,» akasema. «Nilisema uongo mbele ya Mungu na kinywa yangu, na uongo ilikuwa yako. Ukikubali, ninakula. Ukikatala, peleka hii kwa jirani.»

Nilikubali mbele amalize. Akaomba, ombi fupi, akakula ine.

Mwezi ikapita, Jumamosi ya ushuhuda ikafika, nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mingi ya kuchekesha, yote ikapotea. Nikasema tu: samaki ilikuwa kambale, magamba niliokota chini, mama hakujua, munisamehe. Pasta akavua miwani akaipanguza. Halafu kutoka benchi ya bamama, ule mufupi, hawezi kujizuia:

«Lakini mama, hatuulize kwa ubaya. Ile kambale ilikuwa tamu?»

Batu bote bakageukia mama yangu. Alikuwa amekaa wima, kitenge imemuzunguka mara moja na kitu kidogo.

«Ilikuwa tamu,» akasema. «Njo maana nilikasirika.»